Uvimbe wa maji mdomoni mwangu na utando mweupe wa mama: upi wa kuhofia?

Mwalimu wa Nkuhungu

Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dodoma, nina umri wa miaka 31, na sijawahi kutumia tumbaku wala pombe. Tangu mwezi wa tatu nina uvimbe mdogo upande wa ndani wa mdomo wa chini, kushoto kidogo, mahali ambapo jino la juu hugusa ninapotafuna. Ulianza kama lengelenge, ukakua hadi kufikia ukubwa wa punje ya kunde, na nikiutazama kwenye kioo mchana una rangi ya bluu kwa mbali, kama mshipa uliotuna. Ni laini, nikiusukuma kwa ulimi unateleza, na hauumi hata kidogo. Umeshapasuka wenyewe mara tatu. Kila unapopasuka hutoka ute mzito unaofanana na ute wa yai, mdomo unakuwa sawa kwa siku nne au tano, kisha uvimbe unaanza tena palepale.

Jirani yangu, mama mtu mzima ninayemheshimu sana, amenishauri niutoboe kwa sindano ya kushonea iliyopitishwa motoni, halafu niusugue kwa chumvi mpaka mzizi wake utoke. Nilikaribia kukubali. Kilichonizuia ni kipindi cha redio kilichozungumzia saratani ya kinywa, na tangu siku hiyo silali vizuri. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nasimama mbele ya kioo nikiwa nimeugeuza mdomo nje, na watoto wangu nao wameanza kuniuliza natafuta nini.

Jambo la pili linamhusu mama yangu mzazi, ambaye anaishi Mvumi. Ana miaka 63, na tangu nipate akili namwona akitumia ugoro, ambao huuweka kati ya mdomo wa chini na ufizi. Nilipokwenda kumsalimia wiki iliyopita nilimwonyesha uvimbe wangu, naye akaniambia nisihangaike, kwani hata mdomo wake una kitu na hakijamfanya chochote. Akauvuta mdomo nikaona. Pale anapoweka ugoro, ngozi ya ndani imekuwa nyeupe na kukunjamana kama ngozi ya vidole vilivyokaa majini muda mrefu, na pembeni ya weupe huo pana sehemu nyekundu yenye ukubwa wa kucha ya kidole cha mwisho. Anasema weupe huo ni wa miaka mingi, ila wekundu umeanza wakati wa kupalilia mwaka huu. Kwa kuwa haumuumi na hauna uvimbe wowote, sikuutilia maanani sana, lakini nimeona niueleze ili mnisaidie kujua kama tumerithishana ugonjwa mmoja.

Naomba kujua: uvimbe wa maji kama wangu unaweza kugeuka kuwa saratani? Niutoboe au niuache? Na kama ni kwenda hospitali, nianzie wapi, maana zahanati ya mtaani kwetu haina daktari wa meno?

Daktari wa Kinywa

Mwalimu, pole kwa kukosa usingizi, na nakushukuru kwa kueleza mambo kwa kina namna hii, kwa sababu maelezo kama ukubwa, rangi, ulaini na muda ndiyo ambayo sisi tunaofanya kazi ya kinywa na meno huyatafuta kabla hatujagusa chochote. Hakuna daktari anayeweza kutoa hukumu ya mwisho kwa kusoma maandishi, lakini nitakujibu kwa kadiri maelezo yako yanavyoruhusu. Laiti ungekuwa umekaa mbele yangu, ningekuomba uweke kioo chini na upande gari la Mvumi ukamchukue mama. Nitaeleza sababu, ila niumalize kwanza uvimbe wako ili upate kunisikiliza kwa utulivu.

Chini ya ngozi laini ya kinywa, yaani midomoni, mashavuni, kwenye ulimi na kwenye kaakaa, kuna tezi ndogo za mate zipatazo kati ya 600 na 1,000, kila moja ikiwa na kijimfereji chake cha kumwaga mate. Mtu anapojing'ata, au anapokuwa na mazoea ya kunyonya na kutafuna mdomo, kijimfereji kimojawapo hukatika. Tezi haijui kwamba njia imekatika. Inaendelea kutengeneza mate, nayo yanamwagika ndani ya nyama na kujikusanya kama kifuko. Kwa kitaalamu uvimbe huo huitwa mukosele. Hupenda sana mdomo wa chini, huwapata zaidi watoto na vijana, huwa na rangi ya bluu pale unapokuwa karibu na ngozi, na hupasuka na kurudi kama ulivyoeleza. Kurudi kwake kunatokana na tezi ile iliyojeruhiwa ambayo ingali ndani inafanya kazi. Ndiyo maana sindano ya jirani yako haitakusaidia: utatoa ute, utaiacha tezi, na utaongeza kidonda pamoja na hatari ya usaha. Tiba yake ni upasuaji mdogo wa ganzi, ambapo kifuko hutolewa pamoja na tezi iliyokilisha, na mgonjwa huondoka siku hiyohiyo akiwa na nyuzi mbili tatu.

Mukosele haigeuki kuwa saratani. Hata hivyo kuna aina za saratani za tezi za mate, hasa kwenye kaakaa na nyuma ya magego ya mwisho, ambazo mwanzoni hujionyesha kama kifuko cha bluu kisicho na maumivu, na macho ya daktari peke yake hayawezi kuzitofautisha kila mara. Kwa sababu hiyo kinyama kinachotolewa hakitupwi; huwekwa kwenye chupa ya dawa na kupelekwa maabara ya patholojia. Uulize jambo hilo kabla hujalala kwenye kiti. Niongeze kwamba uvimbe mgumu wa mdomo wa juu hatuuchukulii kirahisi kama tunavyouchukulia uvimbe laini wa mdomo wa chini, kwani huko juu mukosele ni nadra na vivimbe halisi vya tezi ni vingi zaidi.

Vifuko vingine nitavipita haraka. Kuna ule unaotokea chini ya ulimi, mkubwa, mlaini, unaofanana na tumbo la chura, ambao chanzo chake ni tezi kubwa ya mate iliyo hapo. Kuna vifuko vya ndani ya mfupa wa taya, ambavyo hutokana na jino lililokufa au jino lililoshindwa kuota, na vingi hugunduliwa kwa bahati pale mtu anapopigwa picha ya eksirei kwa sababu nyingine. Na kuna ameloblastoma, ambayo tunaiona sana huku kwetu Afrika: si saratani, lakini hula mfupa wa taya taratibu kwa miaka hadi uso unapinda, na watu wengi huja wakiwa wamechelewa kwa sababu haikuwahi kuwauma. Kwa mtoto mwenye taya linalovimba haraka, kwa wiki badala ya miaka, na meno yanayolegea, msingoje kabisa, kwani ipo saratani ya watoto, ile iliyoelezwa na Denis Burkitt nchini Uganda mwaka 1958, inayokua kwa kasi kubwa na ambayo hukubali sana dawa ikiwahiwa.

Sasa nirudi kwa mama. Umeandika kwamba hukutilia maanani kwa sababu haimuumi na hakuna uvimbe. Mwalimu, saratani ya kinywa inapoanza kwa kawaida haiumi. Maumivu huja baadaye, inapokuwa imeingia ndani kwenye neva na mfupa. Zaidi ya asilimia 90 ya saratani za kinywa huanzia kwenye ngozi ya juu kabisa, ile unayoweza kuigusa kwa ncha ya ulimi, na nyingi hazianzi kama kifuko wala nundu. Huanza kama baka au kidonda. Utando mweupe usiofutika ukiusugua kwa pamba huitwa lukoplakia, na mwingi wake hauji kuwa saratani. Ule unaotokana na ugoro mara nyingi hupungua mtu akiacha ugoro. Ila baka jekundu ni jambo jingine. Wekundu unaojitokeza bila sababu, hasa ukiwa umechanganyika na weupe kama ulivyoeleza, una uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na chembe zilizoanza kuharibika, na wakati mwingine saratani yenyewe tayari imo. Mama ana miaka 63, ametumia tumbaku kwa miaka mingi na sehemu ileile, na sehemu hiyo imebadilika mwaka huu. Mambo hayo matatu yakikutana, hatungoji.

Kanuni yetu ni ya wiki mbili. Ngozi ya kinywa hujijenga upya kwa haraka, kwa hiyo jeraha la kujing'ata, la mfupa wa samaki au la chai ya moto linapaswa kuwa limepona, au angalau limepungua waziwazi, ndani ya siku 14. Likipita hapo likiwa vilevile, liwe linauma au haliumi, lionwe na daktari wa kinywa. La mama limepita muda huo siku nyingi.

Kuhusu mahali pa kuanzia, usipoteze muda kwenye zahanati isiyo na huduma ya kinywa isipokuwa kwa ajili ya barua ya rufaa kama bima yenu inaidai. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma ipo mjini, na Hospitali ya Benjamin Mkapa ipo kule Chuo Kikuu cha Dodoma. Muulizie daktari wa kinywa na meno, na useme tangu mapokezi kwamba mgonjwa ana baka jekundu lisilopona, ili asipangwe kwenye foleni ya kung'oa meno.

Binti wa Kibaigwa

Kaka mwalimu, shikamoo kwa mama yetu wa Mvumi. Nimeyasoma maelezo ya daktari mara mbili, na ninaandika kwa sababu mambo aliyoyasema kuhusu kutouma ndiyo yaliyotupoteza sisi.

Baba yangu alikuwa mfanyabiashara wa mahindi pale sokoni Kibaigwa. Alivuta sigara tangu ujana wake na jioni alipenda pombe ya mtama na wenzake. Mwaka 2020 alianza kulalamika kwamba ulimi unakwaruzwa na jino. Kweli alikuwa na gego lililovunjika upande wa kulia, na pembeni ya ulimi, usawa wa jino hilo, palikuwa na kidonda kidogo chenye kingo zilizoinuka kama ukingo wa kitufe cha shati. Hakikumuuma isipokuwa akila pilipili. Alikwenda kwenye kituo kimoja cha afya akapewa dawa ya kusukutua. Baada ya mwezi alirudi akapewa vidonge vya antibayotiki. Mara ya tatu, mahali pengine, jino lile liling'olewa, akaambiwa kidonda kitapona chenyewe kwa kuwa chanzo kimeondoka. Hakuna aliyemwambia arudi baada ya wiki mbili kutazamwa, na sisi hatukujua kwamba tunapaswa kudai hivyo.

Alikaa miezi saba. Katika muda huo niliona vitu ambavyo leo najua vilikuwa na maana. Alianza kutafunia upande wa kushoto tu. Aliacha ugali, akawa anakunywa uji, na aliinamisha kichwa anapoumeza. Maneno yenye herufi "r" na "l" yalianza kumtoka kwa uzito, hata wateja wake wakadhani amelewa asubuhi, jambo lililomhuzunisha sana. Alisema sikio la kulia linamuuma, akapewa dawa ya matone ya sikio. Halafu siku moja nikiwa namsaidia kuvaa kola ya shati niligusa kitu kigumu chini ya taya yake, kama mbegu ya embe iliyojificha, kisichosogea.

Hapo ndipo tulipompeleka Dodoma mjini, na daktari wa kwanza wa kinywa aliyemwona hakumaliza hata dakika tano. Alivaa glavu, akaushika ulimi kwa kitambaa cha bandeji, akauvuta nje, akautazama pembeni, akashika shingo, akaniita pembeni. Walikata kinyama, majibu yakasema saratani, na kwa kuwa ilikuwa imeshafika kwenye tezi za shingo tulipewa rufaa ya Dar es Salaam, kwanza Muhimbili kwa upasuaji, kisha Ocean Road kwa mionzi, siku tano kwa wiki kwa wiki zaidi ya sita. Tulikodi chumba kule. Kabla ya mionzi aling'olewa meno mengine mabovu manne, kwa sababu tulielezwa kwamba mfupa wa taya uliopigwa mionzi hauponi vizuri ukijeruhiwa baadaye. Mate yalikauka. Usiku alikuwa analala na chupa ya maji mkononi.

Baba alifariki mwaka uliofuata. Siwalaumu waliompa dawa ya kusukutua kama watu wabaya. Nawalaumu kwa kutomshika ulimi. Kidonda kilikuwa kinaonekana muda wote. Kilikuwa pembeni na nyuma kidogo, na mtu anapofungua mdomo bila kuvutwa ulimi huwezi kukiona, kwa hiyo kila mmoja alitazama meno.

Mpeleke mama, kaka. Ukifika, hakikisha wanamshika na shingo.

Mzee wa Kondoa

Nawasalimu nyote, na wewe binti pole sana kwa msiba. Naomba niseme jambo linalosemwa huku kwetu, sina nia ya kubishana na mtaalamu. Nilikuwa na rafiki aliyekuwa na uvimbe kwenye ufizi, wa muda mrefu, ulikuwa umetulia kabisa. Alipokwenda hospitali wakamkata kinyama cha kupima, na ndani ya miezi michache ugonjwa ukaenea usoni akafa. Tangu hapo wazee wengi tunaamini kwamba ugonjwa huu haupendi chuma, ukiuchokoza unakasirika. Na kwa nini mtu apimwe jambo ambalo likishapatikana halina dawa?

Daktari wa Kinywa

Shikamoo, mzee wangu. Umefanya vema kuliandika, kwa sababu wengi hulisema nyumbani na hawalisemi mbele ya daktari, halafu hawarudi kuchukua majibu.

Tunapokata kinyama tunachukua kipande kidogo, kisichozidi punje ya mchele au ya mahindi, kwenye ukingo wa kidonda ambako sehemu mbaya inapakana na sehemu nzuri, baada ya sindano ya ganzi, kisha tunashona. Kipimo hicho hakifanyi saratani ya kinywa isambae. Kinachotokea kwa watu kama rafiki yako, na nasema hivi kwa huzuni, ni kwamba wengi wao hufika wakati ugonjwa umeshaingia kwenye mfupa na tezi, ukiwa katika kipindi cha kukimbia. Kipimo hufanyika wiki hiyo, na ugonjwa unaendelea na mwendo uliokuwa nao tayari. Jamaa huona chuma kilitangulia na kifo kikafuata, wakaviunganisha. Pia kuna wanaopimwa wakaambiwa majibu, kisha wakakaa nyumbani miezi wakitafuta fedha au wakijaribu dawa nyingine, na muda huo wote hausemwi kwenye simulizi.

Hilo la kutokuwa na dawa ndilo ninalotaka sana lieleweke vingine. Saratani ya kinywa iliyogunduliwa ikiwa haijazidi sentimita 2 na haijafika shingoni mara nyingi hutibiwa kwa upasuaji peke yake, bila mionzi, na wengi wa wagonjwa hao huwa hai miaka mitano baadaye. Ileile ikishafika kwenye tezi za shingo na mfupa, wanaofika miaka mitano huwa chini ya nusu. Mwaka 2020 dunia nzima ilihesabu zaidi ya wagonjwa wapya 370,000 wa saratani ya mdomo na kinywa, na zaidi ya 170,000 walifariki, kwa ugonjwa unaoonekana kwa tochi ya simu. Kwa kweli sina jambo linaloniuma katika kazi hii kuliko hilo.

Nieleze basi namna ya kutazama, maana binti wa Kibaigwa ameligusa jambo lenyewe. Mtazamwaji akae kwenye kiti mlangoni penye mwanga wa mchana, avue meno ya bandia kama anayo. Vuta mdomo wa chini nje, uutazame wote hadi unapokutana na ufizi, kisha wa juu. Ingiza kidole safi shavuni ulivute, utazame hadi nyuma ya magego, upande mmoja kisha mwingine. Mwambie atoe ulimi, ushike ncha yake kwa kitambaa kikavu na safi ili usiteleze, uuvute taratibu kushoto, utazame ubavu wa kulia mpaka nyuma kabisa, kisha ufanye kinyume chake. Ubavu wa ulimi na sakafu iliyo chini yake ndizo sehemu zinazoficha zaidi, basi mwambie ainue ulimi aguse kaakaa, na upapase sakafu ile kwa kidole, kwa sababu ugumu hupatikana kwa kugusa kabla haujaonekana. Malizia na kaakaa, halafu shingo, pande zote mbili, kuanzia chini ya taya hadi kwenye mfupa wa bega. Unatafuta kilicho cheupe, chekundu, kigumu, kinachotoka damu kikiguswa, au kilicho upande mmoja na hakipo upande wa pili. Ganzi ya mdomo au kidevu isiyo na sababu, na jino linalolegea peke yake kwa mtu ambaye mengine yote ni imara, nayo ni ya kupeleka hospitali.

Anayetumia ugoro atazamwe zaidi pale anapouweka. Anayetafuna tambuu yenye popoo atazamwe mashavu, na ashikwe kuona kama yamekakamaa na mdomo haufunguki kama zamani. Popoo yenyewe, hata isipochanganywa na tumbaku, ilishathibitishwa kusababisha saratani. Anayevuta na kunywa pombe kwa pamoja ana hatari inayozidi jumla ya hatari za vitu hivyo viwili, na kwa huyo sehemu ya kwanza ni ulimi. Kwa ndugu zetu wenye ualbino, mdomo wa chini wa nje ndio unaopigwa na jua letu hili la Dodoma mwaka mzima, kwa hiyo kidonda au gamba lisilopona hapo lionwe mapema.

Na tafadhali, mtu yeyote akiambiwa kwamba shida ya kinywa au koo lake ni kimio na kwamba kuna fundi wa kukikata, asikubali. Nimewaona wagonjwa waliokatwa kimio huku kidonda chenyewe kikiwa nyuma ya ulimi.

Mwalimu wa Nkuhungu

Ndugu zangu, ni wiki ya tano tangu niandike. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nije na majibu mkononi.

Nilimleta mama siku tatu baada ya kusoma jibu la kwanza la daktari. Haikuwa rahisi, alisema aliyeumwa ni mimi, kwa nini atembezwe yeye. Nilimwomba anisindikize kwenye upasuaji wangu, na nikamwambia ukweli njiani kwamba naye atatazamwa. Hakukasirika. Alinyamaza hadi tulipofika Ihumwa, kisha akauliza kama watamtoa meno.

Daktari alimshika ulimi kwa kitambaa, akamshika na shingo, jinsi ilivyoelezwa hapa. Sehemu nyeupe aliisugua kwa pamba, haikufutika. Ile nyekundu aliipima kwa kijirula kidogo, ikawa milimita 9. Walichukua vinyama viwili, kimoja kwenye wekundu na kimoja kwenye weupe, na mama aliniambia baadaye kwamba sindano ya ganzi ndiyo iliyouma, mengine aliyasikia kama kuvutwa tu. Majibu yalikuja baada ya siku kumi na mbili. Yamesema chembe za sehemu nyekundu zimebadilika kwa kiwango cha kati lakini hazijavuka kuingia ndani, maana yake bado haijawa saratani. Wameiondoa yote wiki iliyopita pamoja na ukingo wa nyama nzima, na weupe uliobaki watautazama kila baada ya miezi mitatu ilimradi aache ugoro. Kikopo chake cha bati alinikabidhi mwenyewe akiwa bado na pamba mdomoni. Usiku huwa anakitamani, anasema mikono haijui ishike nini, kwa hiyo dada yangu ameanza kumpa kazi ya kusuka vikapu.

Uvimbe wangu ulitolewa siku ileile ya kwanza kwa dakika kama ishirini, na maabara imethibitisha kuwa ni mukosele. Mahali pake nahisi ganzi kidogo, nimeambiwa itaisha.

Nimeanza kuwatazama watu wa nyumbani kama tulivyoelekezwa. Jumapili nilikuwa Mvumi, nikawatazama shangazi wawili na baba mdogo, ambaye anavuta sigara. Baba mdogo ana kidonda pembeni mwa ulimi, kushoto, nyuma, kigumu nikikigusa, ambacho yeye mwenyewe alidhani ni jino. Anasema kina kama miezi miwili. Tumekubaliana aje mjini mwisho wa mwezi, akishauza alizeti.

Binti wa Kibaigwa

Kaka, namshukuru Mungu kwa ajili ya mama. Lakini huyo baba mdogo asingoje alizeti. Mlete kesho. Nauli ya kuja na kurudi nitakutumia mimi usiku huu, niandikie namba yako kwenye ujumbe wa faragha.